Mtoto wa tisa na lugha ya fomu

Mwadingusha, Haut-Katanga – Karani wa kuandikisha familia akifika kwenye parseli siku hizi mara nyingi habebi tena daftari. Anabeba simu. Anauliza jina la mkubwa wa nyumba, kijiji walichotoka, na ni watu wangapi wanakula kwenye chungu kimoja, kisha anabonyeza na kwenda kwa jirani. Familia zilizowahi kukimbia Mitwaba au Pweto zinaijua kazi hiyo. Zinajua pia jibu linaloudhi kuliko yote: "Mama, simu inakataa."

Simu haikatai kitu. Simu inafuata programu, programu imeandikwa na mtu, na mtu huyo aliiandika katika lugha ya kompyuta iliyomrahisishia kusema mambo fulani na kumtaabisha katika mengine. Vijana wa informatiki wa Likasi na Lubumbashi hupenda kubishana lugha ipi ina nguvu zaidi: Python, C, Java au PHP. Mtu akiwasikia anaweza kudhani ni maneno ya wasomi tu. Kwa mama mwenye watoto 9, maneno hayo yanagusa unga na mafuta ya kupikia.

Kwa hesabu tupu, lugha zote hizo ni sawa. Mwaka 1936 Alonzo Church kule Marekani na Alan Turing kule Uingereza walionyesha, kila mmoja kwa njia yake, mpaka wa mambo ambayo yanaweza kuhesabiwa kwa kufuata kanuni. (Kituo cha umeme cha Mwadingusha kilikuwa kimeshaanza kazi mwaka 1930, wakati kompyuta za leo bado hazijazaliwa.) Linalohesabika kwa Python linahesabika kwa C pia. Kwa hiyo kijana anayesema lugha yake inaweza mambo ambayo ya mwenzake haiwezi, mara nyingi anajisifu bure.

Tofauti iko mahali pengine, na aliyeieleza vizuri ni Matthias Felleisen, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha Rice huko Texas, katika andiko lake la mwaka 1991. Kipimo chake ni hiki: chukua kitu kimoja kilichomo katika lugha ya kwanza, ujaribu kukisema katika lugha ya pili. Ikitosha kubadilisha pale pale kilipo na kuacha mengine yalivyo, lugha ya pili haijapungukiwa. Ile ya kwanza ilikuwa na njia ya mkato tu. Lakini ikilazimu kupangua programu nzima, basi lugha ya kwanza ina nguvu ya kusema ambayo ya pili haina.

Kipimo hicho kiwekwe sasa juu ya fomu. Fomu nyingi za mashirika ya misaada huandikwa kwa XLSForm, lugha ambayo kwa macho ni jedwali la Excel tu. Kila swali lina mstari wake, na safu za pembeni zinasema swali ni la aina gani, lionekane lini, na jibu gani likataliwe. Safu moja hubeba swali kwa Kifaransa, nyingine kwa Kiswahili. Jedwali hilo ndilo linalosomwa na ODK, iliyoanza mwaka 2008 katika chuo kikuu cha Washington, na na KoboToolbox. Wengine hutumia Google Forms, kwa kuwa ni rahisi na hailipiwi.

Google Forms haina njia ya kusema "rudia maswali haya kwa kila mtu wa nyumba hii". Mwandishi anaandika mtu wa kwanza: jina, umri, jinsia. Halafu mtu wa pili, maswali yale yale. Akichoka kwenye mtu wa 8, fomu inaishia hapo, na mtoto wa tisa hana pa kuandikwa. Ni ile karatasi ya zamani ya mistari 8, imevalishwa nguo mpya. XLSForm ina neno begin_repeat. Maswali matatu yanaandikwa mara moja, yanafungwa kwa end_repeat, na simu inayarudia kwa nyumba ya watu 2 au ya watu 14. Hiyo si njia ya mkato. Kurudia kunaweza pia kuwekwa ndani ya kurudia: parseli moja, familia tatu ndani yake, na kila familia na watu wake. Hapa Congo jambo hilo lina uzito, maana wakimbizi wengi wa ndani hawalali kambini; wanapokelewa na jamaa na kula nao bukari ile ile.

La kushangaza ni kwamba mwandishi anaweza kuwa na lugha yenye kurudia na bado akaandika watu 8. Anafanya hivyo kwa sababu kurudia kunazaa jedwali la pili: familia huku, watu kule, na mtu wa ofisini lazima ayaunganishe. Kwa aliyezoea karatasi moja ya Excel ni kazi ya ziada. Lakini huko ni kuhamisha taabu ya ofisi na kumtwika mtoto, na hakuna lugha ya kompyuta inayostahili kulaumiwa kwa hilo.

Basi kwa nini fomu zisiandikwe kwa Python, isiyoshindwa na kitu? Kwa sababu nguvu nyingi hupunguza wasomaji. Katika viwanda na vituo vya umeme duniani, mashine nyingi huamriwa kwa lugha inayochorwa kama ngazi, mojawapo ya zile za kanuni ya kimataifa IEC 61131-3 iliyotoka mwaka 1993. Mbele ya Python ni lugha yenye maneno machache. Lakini fundi wa umeme anayejua michoro ya zamani anaisoma usiku mashine ikisimama, bila kungoja mtu wa kompyuta atoke mjini. XLSForm ina sifa hiyo hiyo: mwalimu wa shule anayejua Excel anaweza kuifungua na kuona kama nyumba imewekewa mwisho wa watu 8, au kama kijiji cha Fulani hakimo kwenye orodha.

Hiyo ndiyo sababu ya kuomba fomu ionekane kabla makarani hawajatoka. Chefu wa mtaa aipate, wawakilishi wa familia zilizohama waipate, maswali yasomwe redioni kwa Kiswahili. Orodha za majibu ziko kwenye ukurasa wao, unaoitwa choices. Kuongeza kijiji kilichosahauliwa ni kuandika mstari mmoja. Kazi ikishaanza, lazima toleo jipya litumwe na kila simu ilichukue upya, na nyumba zilizoandikwa asubuhi zinabaki na majibu ya fomu ya zamani mpaka karani arudi.