Siku ya pi: uzi na sahani vinatosha darasani Bunia

Tarehe 14 Machi ni Siku ya Kimataifa ya Hisabati, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2019. Chanzo chake ni Marekani, ambako tarehe huanza na mwezi: 3/14, tarakimu tatu za kwanza za pi. Sherehe ya kwanza ilifanyika mwaka 1988 katika jumba la sayansi la Exploratorium, San Francisco.

Mjini Bunia hesabu hiyo ya tarehe haifanyi kazi, maana mwanafunzi wa Kongo huandika 14/3. Ingemfaa 22 Julai, yaani 22/7, sehemu inayoikaribia pi kuliko hata 3,14. Lakini Julai 22 shule zimefungwa. Inabaki Machi, na swali zito zaidi: siku hii ina faida gani katika jimbo lililowekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, ambako watoto waliokimbia vijiji vya Djugu wanabanana madarasani na wenzao wa mjini?

Faida ipo. Kwa kawaida pi huandikwa ubaoni, 3,14, ikaririwe. Mtoto anaijua namba bila kujua imetoka wapi. Uzi unamwonyesha: anauzungusha kwenye ukingo wa sahani, anaupima kwa rula, kisha anagawa kwa upana wa sahani. Sahani ya sentimita 20 inaweza kumpa 63, yaani 3,15. Mfuniko wa ndoo wenye sentimita 30 ukampa 94, yaani 3,13. Vyombo viwili tofauti, namba karibu ileile.

Tangu elimu ya msingi ifanywe ya bure Septemba 2019, madarasa yamejaa, na vita vimeongeza wengine. Kwa zoezi hili tu, wingi huo unamsaidia mwalimu. Kosa la aliyevuta sana hupunguzwa na la aliyelegeza, hivyo wastani wa vipimo 60 kwa kawaida hukaribia 3,14 kuliko kipimo cha mtoto mmoja. Sharti uzi uwe mwembamba. Kamba nene huwapa wote jibu kubwa mno.

Zoezi haliongezi dawati wala mshahara. Wala halingoji sherehe: mwalimu anayefikia somo la duara mwezi wa Novemba anaweza kulifanya Novemba.