Miaka Mitano Haimpimi Msanidi Programu

Mwaka 1982, mameneja wa mradi wa kompyuta ya Lisa katika kampuni ya Apple waliwataka wasanidi programu wajaze fomu kila wiki, wakitaja idadi ya mistari ya msimbo waliyoandika. Bill Atkinson, fundi wa michoro ya skrini, alikuwa ndiyo kwanza ameipangua upya kazi yake mwenyewe. Ikawa na kasi karibu mara sita, huku mistari kama 2,000 ikipungua. Kwenye fomu akajaza: -2000. Baada ya wiki chache mameneja wakaacha kumdai fomu hiyo.

Matangazo ya kazi ya Nairobi na Dar es Salaam hayahesabu mistari. Yanahesabu miaka: "Awe na uzoefu usiopungua miaka mitano." Uzoefu wa kufanya nini? Hapo ndipo waajiri wengi wanapoingia mkenge.

Chukua duka linalopokea malipo kwa simu. Mteja akilipa, mfumo wa malipo hutuma taarifa kwenye seva ya duka, na programu huongeza salio lake. Kijana aliyemaliza chuo juzi ataandika hivyohivyo, atajaribu, ataona inakubali, basi. Aliyekomaa atauliza: taarifa hiyohiyo ikija mara mbili? Na huja. Seva ikichelewa kujibu, mtumaji hudhani taarifa imepotea, akaituma tena. Kama programu haikutunza namba ya muamala na kuikagua kabla ya kugusa salio, aliyelipa shilingi 1,000 ataonekana ana 2,000. Tiba yake ni mistari michache. Kazi ni kuwaza swali hilo mapema, jambo ambalo cheti hakilionyeshi. Usaili wa maana ungempa mwombaji msimbo kama huo wenye kasoro, akae na mtu wa ndani nusu saa wakiuchambua. Mafumbo ya ubaoni yangeweza kungoja.

Kuuliza swali kama lile la taarifa kuja mara mbili hufundishwa na mtu mzoefu. Septemba 2019, Andela, kampuni iliyojipatia jina kwa kuwanoa vijana wa Afrika na kuwaunganisha na waajiri wa nje, ilitangaza kuwapunguza wasanidi wachanga 250 Nigeria na Uganda, huku wengine 170 wa Kenya wakiwa hatarini. Sababu: wateja walitaka wazoefu. Kibiashara inaeleweka. Ila kila mwajiri akisubiri wazoefu walioivishwa kwingine, hao wazoefu watatoka wapi?

Msanidi mchanga hukua pale mkubwa anapousoma msimbo wake mstari kwa mstari kabla haujamfikia mteja, akamrudishia na maelezo. Kazi hiyo hula saa nyingi, na meneja anayehesabu kazi zilizokamilika kila Ijumaa huziona kuwa hasara. Basi ziingizwe kwenye tathmini ya mwaka, na anayetaka kupandishwa cheo aonyeshe ni nani amemwinua. Ushahidi haufichiki: kwa timu zinazotumia GitHub, jukwaa la kutunzia msimbo, kila pitio na kila maoni yana jina na tarehe.