KIINGEREZA NI CHOMBO CHA KAZI

Ndugu wafanyakazi wa mahoteli,

Wengine husema kujifunza Kiingereza ni kumpendeza mgeni tu. Sivyo. Mgeni akiomba foronya akaletewa taulo, anayekaripiwa ni mtandika vitanda, si meneja. Lakini faida kubwa zaidi iko kwingine. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe, na ueleze kazi yako ni ipi. Asiyeifahamu lugha ya mkataba lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa. Asiyedai haki hiyo, mpishi aweza kuandikwa msaidizi wa jikoni, akalipwa hivyo, na sahihi ni yake mwenyewe.

Basi twashauri hivi: kaeni wawili wawili. Mmoja ashike bilauri, uma au shuka. Mwenzake ataje jina na matumizi yake. Kisha kila mmoja aeleze kazi anayoifanya tangu asubuhi hata jioni.

Na mwajiri atakaye Kiingereza kizuri atoe nafasi katika saa za kazi, si katika mapumziko yetu.

Umoja ni nguvu.