Watoto Wanaomba Kwenda Kwenye Mitelezo ya Maji

Likizo za shule zinapokaribia, katika nyumba nyingi za Dar es Salaam huanza shauri ambalo baba na mama hawakuliitisha. Watoto wamesikia kwa wenzao kwamba kuna mahali ambapo mtu hupanda ngazi mpaka juu, akaketi ndani ya bomba kubwa lenye maji, akaachia mikono, na kufumba na kufumbua amekwisha kutumbukia bwawani akicheka. Tangu siku hiyo mzazi hana raha. Asubuhi akifunga viatu aende kazini anaulizwa. Jioni akirudi, kabla hajavua shati, anaulizwa tena. Safu yetu ya leo ni kwa ajili ya mzazi huyo, ambaye aghalabu ni mtu wa mshahara, ana watoto watatu au wanne, na ambaye yeye mwenyewe, tuseme kweli, hajui kuogelea.

Michezo hii si ya zamani sana. Bustani ya maji ya namna tunayoijua sasa inahesabiwa kuwa ilianzia mjini Orlando, Marekani, mwaka 1977, pale Bwana George Millay alipofungua mahali alipopaita Wet 'n Wild. Bustani hiyo ilifungwa mwisho wa mwaka 2016, lakini kwa wakati huo mfano wake ulikuwa umekwisha kuenea duniani, na wakazi wa Dar es Salaam walilizoea jina hilo hilo huko Kunduchi. Siri ya mchezo wenyewe ni ndogo. Pampu huyapandisha maji juu ya mnara, nayo huachiwa yatiririke ndani ya mtelezo. Utando mwembamba wa maji hupunguza msuguano kati ya mwili na bomba, na uzito wa mtu humaliza kazi iliyobaki.

Mtu ataweza kusema: tuna bahari bure, kwa nini tulipe kiingilio? Swali hilo ni la haki. Bahari ya Hindi ipo pale Coco, ipo Kigamboni, wala haidai tikiti. Lakini anayeijua pwani yetu anajua kwamba siku za bamvua maji hupwa mpaka mbali, kisha hujaa kwa nguvu, na mkondo haumchagui mtoto wala mtu mzima. Bwawa lina kina kinachojulikana na kuta zinazoonekana. Hapo ndipo fedha ya mzazi inapopata thamani yake, na hapo hapo ndipo hatari ya pekee inapojificha, kwa sababu mzazi akishaona kuta na vigae vya buluu huamini kwamba hatari imebaki baharini.

Kwa upande wa gharama hatutasema mengi, maana kila nyumba ina hesabu zake. Hesabu kiingilio, nauli ya kwenda na kurudi, na chakula, kisha uulize mapema kwa simu kama chakula cha nyumbani kinaruhusiwa kuingia, kwa sababu pengine hakiruhusiwi, na chipsi za mahali pa starehe hazina bei ya chipsi za mtaani. Watoto wale vizuri nyumbani kabla ya safari. Na kama unakwenda Kunduchi, tenga nusu saa ya kuyaona magofu ya pale: mabaki ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo ya karne ya 18 yaliyopambwa kwa bakuli za kigeni, ambazo nyingi zimekwisha kubanduliwa. Watoto watanung'unika, lakini wapeleke.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Jumapili moja yoyote, keti kando ya bwawa lolote la jiji hili utazame familia zinavyoingia. Baba analipa, anatafuta meza yenye kivuli, anaagiza kinywaji, anafungua simu. Mama anapanga vyombo na nguo, anazungumza na shemeji. Watoto wamekwisha kukimbilia majini. Ukiuliza ni nani anayewaangalia, baba atajibu kwamba mama yupo, mama atajibu kwamba baba yupo, na wote wawili watakuonyesha dada wa kazi aliyesimama ukingoni, ameshika taulo. Dada huyo pengine ana miaka 17, amekuja mjini mwaka jana kutoka Singida au Dodoma, na maji mengi kuliko yote aliyopata kuyaona kabla ya siku ile yalikuwa ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Hajui kuogelea. Akimwona mtoto anazama, ama atapiga kelele, ama ataruka, na ikiwa ataruka watazama wawili. Je, ni haki kumtwika binti wa watu mzigo huo ili sisi tumalize chupa?

Wala tusimwachie kazi hiyo mwokoaji wa bwawa. Yeye, akiwepo, anatazama vichwa mia moja. Wewe unatafuta kichwa kimoja unachokifahamu tangu kilipokuwa hakijaota nywele.

Tena yafaa tujue kwamba kufa maji si kama inavyoonyeshwa katika sinema. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono kuita. Mdomo wake unazama na kuibuka, na kila unapoibuka anautumia kuvuta pumzi, hana nafasi ya kuita. Mikono huikandamiza chini juu ya maji, kichwa kimeelemea nyuma, mwili umesimama wima kana kwamba anapanda ngazi isiyoonekana. Mapambano hayo huweza kwisha kwa muda usiozidi dakika moja. Mtu aliyeketi hatua kumi kutoka hapo anaweza kudhani mtoto anacheza. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa akipiga makelele majini na ghafla akanyamaza ndiye wa kutazamwa kwanza.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama hizi zetu. Wengi wao hawakufia katika mabwawa ya starehe; walifia mitoni, ziwani, visimani, hata katika madimbwi ya nyuma ya nyumba. Lakini mtoto mdogo hatofautishi maji ya anasa na maji ya dimbwi. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, nasi tunaona kwamba bwawa linalomfika mtu mzima magotini ni kina cha kutosha kumwua mtoto wa miaka miwili aliyeanguka kifudifudi.

Ufanyeje basi? Gawaneni zamu. Mtu mzima mmoja awe mwangalizi kwa nusu saa, bila simu, bila kinywaji, bila mazungumzo, na zamu yake ikiisha amwambie mwenziwe kwa kinywa, "Sasa ni wewe," asubiri kujibiwa. Aliye na mtoto chini ya miaka 5 aingie naye majini, awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Yale maboya ya kupuliza yanayovishwa mikononi ni vitu vya kuchezea: hutoboka, huchomoka, na humpa mtoto ujasiri asiostahili kuwa nao. Kama mahali pana makoti ya kujiokolea yanayomtosha, mvalishe hayo, na bado usiondoke.

Kuhusu mitelezo, utaona penye ngazi pamewekwa kipimo cha urefu. Wazazi wengi hugombana na kijana aliyesimama pale: "Mtoto huyu ana miaka minane, mwache apite!" Kijana haulizi miaka. Anauliza kimo, kwa sababu chini ya mtelezo kuna maji yenye kina fulani, na mtoto mfupi atafika pale kwa kasi asipate pa kusimama. Usimsute mtu anayekulindia mwanao. Juu ya mtelezo mtoto alale chali, miguu itangulie, asiende kichwa mbele, wala asishuke kabla aliyemtangulia hajaondoka chini. Watu huweza kuumia kwa kugongana. Pete, bangili, shanga na mikufu ibaki nyumbani. Na wasichana wenye nywele za kusuka ndefu wazifunge juu vizuri, wakae mbali na matundu ya chini ya bwawa yanayovuta maji, maana nywele huweza kunaswa humo.

Tuseme kidogo juu ya usafi, ingawa mada hii haipendezi mezani. Maji ya bwawa hayabadilishwi kila siku. Huzungushwa na pampu, hupitishwa katika mchanga wa kuchujia, na hutiwa klorini. Watu wengi hudhani harufu kali ya dawa ni dalili ya maji safi. Kinyume chake ndicho kilicho kweli. Harufu ile, na macho kuwa mekundu, hutokea klorini inapochanganyika na jasho na mkojo wa waogaji. Bwawa zuri halinuki sana, na sakafu yake huonekana wazi mpaka kwenye kina. Ukisimama ukingoni usione chini, rudisha watoto nyuma, hata kama umekwisha kulipa. Wapitishe bafuni kabla ya kuingia, na uwapeleke chooni kila baada ya saa moja hata wakikataa. Mtoto mwenye kuharisha abaki nyumbani: kuna vijidudu vya kuharisha vinavyoweza kuishi siku kadhaa ndani ya maji yenye klorini ya kutosha, na kosa la mtoto mmoja huwa ugonjwa wa mtaa mzima.

Lipo pia suala la wasichana. Katika familia nyingi mvulana huvua shati akaruka, na dada yake huachwa kando alinde viatu. Sababu hutajwa kuwa ni heshima. Heshima ni jambo jema, nasi hatuna ugomvi nayo, lakini siku hizi yapo mavazi ya kuogelea ya kitambaa chepesi yanayofunika mwili kuanzia kichwani hadi miguuni. Kule Nungwi, Unguja, Mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea na kuokoa watu wakiwa wamevaa mavazi ya namna hiyo, na wala hawakuacha dini yao. Ambaye hana uwezo wa kuyanunua atafute suruali nyembamba na fulana ya nailoni inayobana mwili. Asiingie na kanga wala gauni la pamba, kwa sababu pamba hunywa maji ikawa nzito, na kanga humfunga mtu miguu. Tazama kwanza masharti ya mahali unapokwenda, maana pengine huwazuia wenye nguo za kawaida.

Na siku ipi ya kwenda? Usiende siku ya Idi wala siku ya Krismasi. Siku hizo watoto wa jiji zima huwa hapo, na bwawa huwa kama dagaa kwenye ungo. Mwezi Oktoba 2008, mjini Tabora, watoto wapatao 20 walipoteza maisha katika disko toto la Sikukuu ya Idi kwa sababu ya msongamano. Huko hapakuwa na bwawa, ila palikuwa na wingi wa watoto na uchache wa watu wazima, na hilo ndilo la kulikimbia popote. Jumamosi ya kawaida, asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, yafaa zaidi. Ngurumo ikisikika, watu watoke majini mara moja.

Ikitokea bahati mbaya mtoto akatolewa majini hapumui, yapo mambo yanayofanywa mitaani kwetu ambayo humwua aliyekuwa apone: kumning'iniza kichwa chini, kumkamua tumbo, kumzungusha. Yaacheni yote. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi mdomoni mara 5 mpaka uone kifua kinapanda. Asipozinduka, kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na kwa haraka, kisha pumzi 2, na uendelee hivyo huku mwingine akipiga simu namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Mtoto akizinduka apelekwe hospitali hata kama anasema hajambo, kwani mapafu yaliyoingia maji huweza kuleta taabu baada ya saa kadhaa.

Wengi wetu tuliokulia bara, na hata baadhi yetu tuliozaliwa hatua mia moja kutoka ufukweni, hatukufundishwa kuogelea, na tunadhani umri umepita. Haujapita. Unapouliza bei ya kiingilio, uliza pia kama yupo mwalimu, na kama anafundisha watu wazima. Somo lake la kwanza halihitaji hata bwawa. Mwanafunzi huvuta pumzi, huuzamisha uso katika maji, na hutoa pumzi polepole kwa mdomo na pua mpaka povu litoke, kisha huinua uso akarudia, hata woga wa maji usoni utakapokwisha. Beseni la kufulia latosha. Liwekeni uani jioni ya leo, baba atangulie, watoto wahesabu.