NAJIFUNZA PROGRAMU, SEHEMU YA 4: Mtafute mtu mmoja kwanza

Nimetoka shifti ya jioni hapa Mkomaindo, watoto wamelala, tuendelee.

Wengi mmenitumia projekti zenu niziangalie. Nimeziangalia. Nyingi ni zile zile: orodha ya mambo ya kufanya leo, kikokotoo, na ukurasa wa hali ya hewa ya London. London jamani! Na wewe uko Masasi, baba yako anaangalia mbingu asijue mvua itaikuta mikorosho kwenye maua au la.

Siwalaumu, video za mafunzo ndivyo zinavyofundisha, na kwa kuzoeza mkono sio mbaya. Ila ukienda kuomba kazi utaulizwa: hii nani anaitumia? Hapo wengi mnakosa jibu, na nyumbani korosho za msimu mzima ziliuzwa ili ulipiwe ada ya diploma.

Msimamo wangu ni huu: projekti yako ya kwanza ya kweli iwe ya mtu mmoja unayemjua, mtu ambaye ikigoma atakuja mlangoni kukugombeza.

Nichukue mfano wa kwangu, kliniki ya wajawazito. Darasani tunafundishwa kukadiria tarehe ya kujifungua hivi: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, ongeza miezi 9. Mama wa tarehe 10 Mei 2024 unamwandikia 17 Februari 2025. Sasa kijana anasoma mtandaoni kwamba mimba ni siku 280, anaandika programu ya kujumlisha 280, inampa 14 Februari. Siku tatu zimepotea na kompyuta haijakosea hesabu! Miezi ndiyo haina siku sawa: kutoka 10 Mei hadi 10 Februari ni siku 276, ongeza 7 unapata 283.

Ipi iandikwe kwenye programu? Video haitakujibu. Inabidi ukae na mkunga, umuulize yeye anahesabuje, na mama akiwa na ultrasaundi ya mapema anafuata kipi. Mazungumzo hayo ya nusu saa yana faida kuliko video kumi.

Alafu jaribu 31 Mei kwa kuanza na miezi. Miezi tisa mbele ni 31 Februari, siku ambayo haipo duniani. JavaScript hailalamiki, inakusogeza kimya kimya hadi 3 Machi. Na Mei kwake ni namba 4, maana Januari anaihesabu 0. Ukishapambana na mambo haya mawili matatu, umeanza kuwa developa.

Kitu chote hicho kinakaa kwenye faili moja la HTML. Unalifungua kwenye brauza ya simu, bando limeisha, linafanya kazi. Wale mnaosema "dada sina laptopu", nimewasikia, ila hii sio sababu ya kusubiri.

Sio lazima iwe afya. Mkulima anasikia bei ya mnada, kisha anapokea hela nyingine mkononi kwa sababu ya makato. Mtengenezee babu yako kitu cha kuingiza kilo, bei na kila kato, aone mwenyewe. Au kule Newala juu, anayeuza maji kwa ndoo ana daftari la madeni lililochanika jalada. Anza naye.

Hata Ushahidi ya Kenya, iliyokuja kutumika hadi Haiti baada ya tetemeko la 2010, ilianza Januari 2008 na watu wachache, kwa siku chache. Walitaka kujibu swali moja tu: vurugu za baada ya uchaguzi zinatokea wapi?

Sasa hapa nakuwa mkali kama niko wodini. Usiombe kupiga picha vitabu vya MTUHA ili "upate data ya kujaribia". Jina la mama, kijiji chake, majibu yake ya vipimo, hivyo sio mali yako wala yangu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayofanya kazi tangu Mei 2023. Tunga majina, tunga tarehe, hesabu itakuwa ile ile. Na hiyo programu ya tarehe isimguse mama yeyote mpaka wakunga wenyewe na wakubwa wa kituo waipitie na kuikubali.

Haya, aliyeanza kitu aandike hapo chini kinafanya nini na nani anakitumia. Ukiandika "kila mtu" nitakurudisha. Sehemu ya 5 ni matone ya dripu: lita moja kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita. Pigeni hesabu kwanza kwa kalamu.