Mtoto wa Mbwa Alaye kwa Pupa

Haraka haraka haina baraka, husema wahenga, na methali hiyo haimhusu mwanadamu peke yake. Katika nyumba nyingi za Bujumbura, kuanzia Musaga hadi Kinama, mtoto wa mbwa huletwa akiwa bado mdogo ili akue awe mlinzi wa ua. Akiwekewa ugali uliochanganywa na ndagala, sahani hubaki tupu kabla mama mwenye nyumba hajarudi jikoni. Watoto hucheka na kumsifu. Punde kicheko hukoma: chakula kimerudi chini kikiwa kizima kama kilivyoingia, na mbwa ameanza kukila tena.

Pupa hiyo si utovu wa adabu. Mbwa huzaliwa wengi kwa pamoja, na pale wanapowekewa sahani moja, anayechelewa hulala njaa. Hilo ndilo somo la kwanza alilolipata duniani. Tena kinywa cha mbwa hakikuumbwa kusaga chakula kama cha binadamu. Meno yake ni ya kukamata, kurarua na kukata, kisha koo humeza. Lakini anayekula kwa pupa huku tumbo limejaa kama ngoma na mbavu zahesabika, huenda ana minyoo. Huyo ahitaji dawa kwanza. Waganga wa mifugo hushauri watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo tangu wiki ya pili ya umri wao, na kuirudia kila baada ya wiki mbili hadi watimize miezi mitatu.

Madhara ya pupa ni mengi. Mbwa humeza hewa, hutapika, hukabwa na mfupa. Kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, kula upesi ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari ya tumbo kujaa hewa na kujisokota. Mbwa ambaye tumbo limevimba, akajaribu kutapika na asitoe kitu, apelekwe kwa mganga wa mifugo saa hiyo hiyo, maana aweza kufa siku hiyo.

Wengi hudhani dawa ya pupa ni fimbo, au kumnyang'anya sahani ili ajifunze subira. Hapo ndipo mambo huharibika. Mbwa anayenyang'anywa hujifunza kwamba mkono wa mtu ni adui wa chakula chake. Leo atameza upesi zaidi, kesho atanguruma, na siku moja atamwuma mtoto aliyeinama kuokota mpira karibu na sahani.

Njia iliyo njema ni kumwondolea hofu ya njaa. Chakula cha siku kigawanywe. Asiyetimiza miezi mitatu apewe mara nne: saa moja asubuhi, saa sita mchana, saa kumi alasiri na saa mbili usiku. Toka miezi mitatu hadi sita, mara tatu. Baada ya hapo mara mbili zatosha. Kisizidishwe chakula, bali saa zisibadilike, na maji safi yawepo daima. Kama mbwa ni wawili, kila mmoja ale mahali pake, wasionane.

Pili, sahani yenyewe imzuie. Badala ya bakuli lenye kina, chakula kitandazwe juu ya sinia pana. Au bakuli dogo la bati lifudikizwe katikati ya sufuria kubwa, na chakula kiwekwe pembeni kulizunguka. Wengine hutumia jiwe laini la mtoni, kama yale ya Ntahangwa, lililooshwa vizuri. Mbwa hulazimika kulizunguka kwa ulimi. Jiwe hilo sharti liwe kubwa kupita kinywa chake, na libadilishwe kadiri akuavyo, asije akalimeza.

Tatu, chakula kitayarishwe kwa uangalifu. Ndagala waoshwe mchanga utoke. Miiba ya samaki wakubwa na mifupa ya kuku iliyopikwa isiwekwe kabisa, wala mchuzi wenye vitunguu, kwani vitunguu hudhuru damu ya mbwa. Akisha kula apumzike, watoto wasimkimbize.

Nne, mtu mzima amfundishe kwamba mkono huleta, hauchukui. Mbwa anapokula, apite kando yake, adondoshe kipande kitamu kuliko kilichomo sahanini, kisha aende zake. Baada ya siku kadhaa mbwa atainua kichwa na kutikisa mkia amwonapo mtu akija. Lakini akikakamaa au akinguruma, asisogelewe. Watoto wadogo wakae mbali na sahani wakati wote.

Somo hili lina uzito wake katika nyumba ya askari. Baba au mama aitwapo kazini mbali, kama wanajeshi wengi wa Burundi waliokwenda Somalia kuanzia mwaka 2007, mbwa hubaki na jamaa, na anayebeba sahani yake aweza kuwa kijana wa miaka kumi na miwili. Yafaa mbwa awe amekwisha kuzoezwa kabla ya safari. Pia awe amechanjwa kichaa cha mbwa, chanjo ambayo kwa kawaida hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu. Mtoto akiumwa, hata kidogo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile.

Mbwa mwenye hakika ya chakula cha kesho hana sababu ya kukimbiza cha leo. Na mlinzi asiyehofia sahani yake ndiye awezaye kuachiwa ua wenye watoto.