Baharia na Nyumba Yake
Carl Brashear, mtoto wa mkulima asiye na shamba lake huko Kentucky, alijiunga na Jeshi la Wanamaji la Marekani mwaka 1948. Mwaka 1966, akishiriki kuopoa bomu la nyuklia lililozama pwani ya Uhispania, aliumia mguu wa kushoto, ukakatwa. Alikataa kustaafishwa; mwaka 1970 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kufikia daraja la mzamiaji mkuu.

Tunamsifu, naye anastahili. Lakini ndoa yake ya kwanza ilivunjika mwaka 1978, mwaka mmoja kabla hajastaafu. Sidai kwamba bahari peke yake ndiyo iliyoivunja. Nauliza tu: baba akiwa safarini, nani alibeba nyumba? Taifa linalodai mwili wa askari linadaiwa na mkewe na wanawe, na deni hilo halilipwi kwa nishani.